Usukani Haunywi Mafuta

Kabla hajagusa gari la mtu, Mama Mswaki alikuwa na desturi ya kuketi kwanza kwenye kiti cha nyuma, mlango wazi, mikono mapajani, asifanye lolote. Mafundi wa gereji walidhani anasali, na mara nyingine kweli alikuwa anasali, maana alikuwa mtu wa sala. Lakini zaidi alikuwa anaangalia. Gari kuukuu huwa na tabia za mwenyewe. Kwenye mlango wa dereva unaona mahali kiwiko kilipoegemea miaka na miaka, plastiki imelainika na kuingia weusi. Nyuma ya kiti cha mbele unaona alama za viatu vya watoto ambao sasa huenda wana watoto wao. Akishajua mwenye gari ni mtu wa namna gani, ndipo anashuka na kwenda kubandika maji.

Maji yake hayakuwa ya moto. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Hakumwagia plastiki maji hata siku moja. Alilowesha kitambaa, akakikamua, kisha akapita nacho taratibu. Kwenye vijia vidogo vya dashibodi, pale panapotokea upepo, alitumia mswaki wa meno uliochakaa, na mswaki usipofika alitumia kijiti kilichoviringishwa pamba. Ndiyo maana wakamwita Mama Mswaki. Jina lilianza kama utani, likamganda, hata binti yake alipoulizwa mitaani mama yake nani, alijibu hivyo hivyo.

Kazi alifundishwa na marehemu mume wake, ambaye ndiye aliyeijenga gereji ile tangu ikiwa kibanda cha mabati manne. Marehemu alikuwa fundi wa mambo ya ndani ya gari: viti, milango, dari, dashibodi. Alikuwa na masharti yake, na aliyasema kila siku kana kwamba mkewe ni mgeni. Dawa mpya ijaribiwe kwanza chini ya kiti, pasipoonekana. Petroli isikaribie plastiki, maana inaila. Mafuta ya kuikinga na jua yapakwe kidogo, kisha yafutwe mpaka kiganja kikipita kisichukue kitu. Na la mwisho, ambalo alilisema akiwa amenyoosha kidole: kinachoshikwa na mkono na kinachokanyagwa na mguu havinywi mafuta. Usukani, gia na pedeli vinaoshwa, vinakaushwa, basi.

Mume alipofariki, gereji ilikwenda kwa mdogo wake. Wazee wa ukoo walikaa asubuhi moja, wakanywa chai, wakasimama wameshaamua. Mjane akaachiwa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya matairi, akae humo na binti yake, maadamu anafanya kazi. Hilo neno maadamu ndilo alilolalia kwa miaka sita. Harufu ya matairi haikutoka ukutani, lakini paa lilikuwa halivuji, naye alimshukuru Mungu kwa paa.

Shemeji yake hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa haraka, na aliamini kung'ara. Kabatini mwake alikuwa na makopo ya kupuliza, yale yanayoifanya dashibodi imeremete kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Mteja ananunua kwa macho, alisema. Na mara nyingi, akipita na kumkuta Mama Mswaki amepiga magoti ndani ya gari, alimtupia neno mafundi wasikie.

“Shemeji, wewe unasugua gari kama unaosha maiti.”

Fundi umeme, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alidakia kwamba hata maiti huwa inamalizika siku hiyo hiyo. Watu wakacheka. Mama Mswaki naye akatabasamu lile tabasamu lake la kumaliza maneno, akaendelea na mswaki.

Siku moja tu ndiyo neno lilimponyoka. Kuna mteja alikuwa amesimama na shemeji, anaelezwa kwamba yale mafuta ya kopo ndiyo kinga ya plastiki, yapakwe mengi iwezekanavyo. Mama Mswaki, akiwa na beseni mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yakipakwa mengi yananasa vumbi, na macho ya dereva yanaumia kwa mng'ao kwenye kioo. Hakukusudia ubaya. Mteja akamgeukia shemeji, akauliza huku akicheka kwani fundi hapa ni nani.

Jioni ile shemeji alikuja mlangoni pa chumba cha matairi. Hakuingia. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwamba siku atakapomsahihisha tena mbele ya mteja, aanze kufunga virago. Binti alikuwa ameketi kwenye cherehani yake pale ndani, alisikia kila neno. Akufukuzaye hakwambii toka, lakini huyu alikuwa ameshakaribia kabisa kusema.

Mama Mswaki alimeza. Alikuwa na ujuzi wa kumeza. Ila usiku alipopiga magoti aliona kwamba maneno ya sala yanatoka vizuri, na chini yake kuna kitu kingine kimelala, hakitoki, kinasubiri. Hakukipa jina.

Wiki mbili baadaye gari la Bibi Mkunga lilifika.

Bibi Mkunga alikuwa amestaafu zamani, lakini nusu ya watu wa mitaa ile walipita mikononi mwake kabla hawajapita mikononi mwa mama zao. Binti wa Mama Mswaki ni mmoja wao. Alizaliwa kamba ya kitovu imemzunguka shingoni, na mikono ile ikamfungua. Gari lake lilikuwa dogo, la zamani, la milango miwili, viti vya ngozi bandia rangi ya maziwa. Viti vilikuwa vimegeuka rangi ya chai. Dashibodi ilikuwa imechujuka kwa jua mpaka imekuwa na ukungu mweupe kama jivu. Bibi alieleza shida yake bila kuzunguka. Macho yanamwishia, daktari amempa mpaka mwisho wa mwaka kisha asiendeshe tena. Alitaka miezi hiyo aliyobakiza akae ndani ya gari lake kama siku alipolichukua.

“Nakuachia wewe, mwanangu,” alimwambia Mama Mswaki. “Siyo hawa wenye makopo.”

Shemeji alikuwa amesimama hapo hapo. Akacheka na wengine.

Kazi ilichukua siku nne. Mama Mswaki aliketi nyuma kwanza, kama kawaida yake, akaona kila kitu. Kiti cha abiria kilikuwa kipya kuliko vyote, maana Bibi alikuwa mtu wa peke yake. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na duara la doa la zamani, na hakuhitaji kuambiwa ni la nini. Si kila mama alifikishwa hospitalini kwa wakati. Alilisugua doa lile kwa siku nzima, kidogo kidogo, akipumzisha kitambaa, akijaribu sabuni chini ya kiti kwanza. Palipochanika alipitisha kipande cha kitambaa kwa ndani, akagundisha, akalaza tofali juu yake mpaka asubuhi. Dashibodi aliiosha mara tatu, akaipaka mafuta ya kukinga jua kwa ncha ya kitambaa, akayafuta yote. Ukungu ukaondoka. Rangi nyeusi ikarudi, nyeusi iliyotulia, isiyopiga kelele. Usukani aliuosha kwa mswaki, akaukausha, akaushika kwa mikono miwili. Nao ukamshika.

Siku ya kukabidhi, shemeji aliingiza kichwa ndani ya gari, akakitoa. Akamwambia fundi umeme kwamba siku nne zimepita na mteja ataona hawakufanya kitu. Mama Mswaki alisikia, akaenda nyuma kuanika vitambaa vyake na kusali sala ya mchana.

Aliporudi, Bibi Mkunga alikuwa ameshawasili na ameshaingia garini. Shemeji alikuwa ameinama dirishani akipokea sifa. Kila kitu mle ndani kilikuwa kinameremeta: dashibodi, milango, viti. Kopo tupu lilikuwa juu ya ngazi. Mama Mswaki alisimama pale kwenye kivuli, kitambaa kikavu begani, na jua likapiga usukani, usukani ukarudisha mwali kama kioo.

Ilikuwa hatua saba, pengine nane. Angefika, angesema Bibi subiri kidogo, angefuta. Neno moja.

Injini ikawaka. Shemeji akamtazama Mama Mswaki kwa juu ya paa la gari, na macho yake yalikuwa yanasema yale yale ya mlangoni pa chumba cha matairi. Lakini si macho yale yaliyomzuia. Kile kitu kilichokuwa kimelala chini ya sala kiliamka wakati ule, kikazungumza, na sauti yake ilikuwa tamu. Mwache aende. Atafika kona ya pili, ataona mikono inateleza, atarudi hapa amekasirika, na yule atafokewa mbele ya kila mtu na mtu ambaye hawezi kumjibu. Mwache aumbuke.

Akakitoa kitambaa begani. Akakikunja mara mbili, vizuri, pembe kwa pembe. Gari likatoka getini.

Bibi Mkunga hakurudi kutoka kona ya pili. Alipita kona ya pili na ya tatu. Kwenye mteremko wa kuingia sokoni, penye tuta na kona ya ghafla, alizungusha usukani na usukani haukwenda naye. Viganja viliteleza, gari likaenda lilikotaka, likagonga ukuta wa ghala. Hakuna mwingine aliyeumia. Bibi alivunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Gari lilivutwa mpaka gereji alasiri hiyo hiyo, pua imebonyea, ndani bado kunameremeta.

Kabla jua halijazama shemeji alikuwa mlangoni pa chumba cha matairi tena, na safari hii aliingia, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Binti alikuwa ametoka kupeleka nguo ya mteja. Shemeji alikuwa na uso wa mtu aliyekunywa maji ya chumvi. Alizunguka kidogo, kisha akafika. Kila mtu anajua mambo ya ndani ni kazi ya shemeji yake. Aseme tu amepitiwa, alipaka mafuta akasahau kuyafuta kwenye usukani.

“Bibi akijua ni mimi, gereji itakufa. Nani ataleta gari kwa mtu aliyemvunja Bibi Mkunga mkono? Lakini wewe ni mjane, ni mtu wa sala. Wewe atakusamehe hata kabla hujamaliza kusema.” Akangoja. “Na hiki chumba, nitakiandika jina lako. Mbele ya wazee.”

Mama Mswaki hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikuwa anatazama kitambaa kilichokunjwa juu ya kitanda. Shemeji aliuchukua ukimya ule akaondoka nao kama mtu aliyepewa jibu.

Siku mbili zile alisali kuliko siku zote, na hazikumfaa. Alimwomba Mungu amwondolee mtihani. Alipojisikia akiomba hivyo aliona haya, maana mtihani haukutoka kwa shemeji, ulikuwa ndani yake mwenyewe. Suala la kusema uongo hata halikumsumbua. Alijua hatasema uongo. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba alikuwa na ukweli mzuri sana mkononi, ukweli wa kumtoa yeye safi na kumwacha shemeji uchi: usukani sikuupaka mimi. Ulikuwa kweli tupu. Na kila alipoutamka moyoni, ile sauti tamu ilirudi.

Bibi Mkunga alikuja siku ya tatu, kwa miguu, mkono ndani ya plasta umening'inizwa shingoni kwa kanga kuukuu. Mafundi waliacha spana. Alikataa kiti cha ofisini, akaketi kwenye benchi lao, ambalo lilikuwa kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani. Akauliza hali zao mmoja mmoja. Wawili kati yao aliwazalisha yeye. Kisha akasema hajaja kushitaki mtu, amekuja kujua tu. Aliona usukani unateleza tangu getini, akadhani ndivyo upya ulivyo, amesahau.

Shemeji akasafisha koo. Alisema kwa masikitiko kwamba mambo ya ndani yote ni ya shemeji yake, na shemeji yake mwenyewe yupo, atasema.

Watu wote wakamgeukia. Mama Mswaki alikuwa amesimama karibu na beseni lake. Mikono yake ilikuwa imelowa, akaifuta kwenye gauni.

“Usukani sikuupaka mimi, Bibi. Niliuosha, nikaukausha. Marehemu alinikataza.”

Fundi umeme alitazama lile kabati la makopo, kisha akatazama chini, na kutazama kwake kulitosha. Kila mtu alielewa. Uso wa shemeji ukabadilika rangi. Bibi Mkunga akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia alichotarajia.

“Nilijua,” akasema. “Wewe huwezi.”

Hapo pangeweza kuwa mwisho. Shemeji angefokewa, au asingefokewa, lakini angekuwa ameumbuka, na kile kilichokuwa kimelala kingeshiba. Mama Mswaki alihisi utamu wake ulimini. Ulikuwa kama sukari ya mchana wa kufunga.

Lakini Bibi Mkunga alikuwa ametumia maisha yake kusoma nyuso za wanawake wanaosema hauumi kumbe unauma. Hakuwa amemaliza kumtazama.

“Ulikuwepo nikiondoka?”

“Nilikuwepo.”

“Uliona?”

Binti alikuwa amesimama mlangoni, sindano bado kwenye kola ya blauzi. Mama Mswaki alimwona kwa pembe ya jicho.

“Niliona, Bibi.”

Mkunga akavuta pumzi. Sauti yake ikalainika, akasema kwa upole wa mtu anayenyoosha mkono kumvusha mwenzake mtaro. “Ukaogopa, mwanangu. Huyu amekutisha. Si ndiyo?”

Njia ilikuwa hiyo, pana, imefagiliwa. Kila aliyekuwepo alikuwa ameshamsamehe. Hata shemeji alikuwa ameinama, kama anayesubiri kipigo chake. Neno ndiyo lingekuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu kuogopa alikuwa ameogopa, miaka sita. Ila si siku ile.

“Mficha uchi hazai,” Bibi Mkunga akamhimiza. “Sema tu.”

“Sikuogopa,” akasema Mama Mswaki. “Nilitaka urudi umfokee. Nilitaka aaibike. Nilikuwa na kitambaa begani, Bibi, nikakikunja.”

Mahali fulani nyuma ya ukuta pampu ya upepo ilijizima yenyewe. Bibi Mkunga alimtazama muda mrefu, na ule upole ukatoka usoni mwake polepole, kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka, mpaka ukabaki uso wa bibi kizee mgonjwa.

“Huyu alinikosea kwa ujinga,” akasema hatimaye, bila kumwangalia shemeji. “Ujinga nimeuzoea, nimefanya nao kazi tangu usichana wangu. Wewe ulijua.”

Akasimama kwa shida. Shemeji akamrukia kumshika kiwiko, na Bibi akakubali kushikwa. Walikwenda hivyo mpaka getini, shemeji akiahidi pua itanyooshwa, rangi itapigwa, kila kitu juu yake, na Bibi akiitikia kwa kichwa. Mama Mswaki aliona mkono mzima wa Bibi umelala juu ya mkono wa shemeji yake, umeuegemea.

Shemeji aliporudi hakupaza sauti. Hakuwa na haja. Alisema atawapa yeye na binti yake mpaka mwisho wa wiki wahame, kwa heshima ya marehemu, na watu wakarudi kwenye spana zao. Fundi umeme alipita karibu na Mama Mswaki akiwa kama anataka kusema neno la mzaha, akakosa.

Binti alikuwa ameshaanza kukunja nguo za watu. Aliuliza mara moja tu, akiwa amempa mgongo. “Si ungesema uliogopa, mama. Kila mtu alishakubali.”

Mama Mswaki alitafuta jibu, na lililokuja lilikuwa la kanisani, la kuhubiria watoto. Akaona aibu kulisema kwa mwanawe ambaye wiki ijayo hatakuwa na mahali pa kuweka cherehani. Akachukua beseni.

Gari la Bibi Mkunga lilikuwa limeegeshwa ukutani, kioo kina nyufa. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemzuia. Safari hii hakuketi nyuma kwanza. Aliingia mbele, kwenye kiti cha dereva, akalowesha kitambaa katika maji ya uvuguvugu, akakikamua, akaanza juu ya usukani na kushuka. Mafuta yale hayatoki kirahisi. Maji ya kwanza yaligeuka ya maziwa, akamwaga. Ya pili yakawa na utando. Akaingia na mswaki kwenye mishono na chini ya pembe ya honi. Jua lilikuwa limefika kwenye dashibodi, na dashibodi ilikuwa inang'ara mno, ikamwumiza macho.

Maji ya nne yalibaki safi. Alikausha. Akaushika usukani kwa mikono miwili, akauzungusha kidogo kushoto. Ukamshika.

Akakusanya miswaki yake ya kuondoka nayo, hiyo tu, kwa kuwa makopo na vitambaa vilikuwa vya gereji.